Usimikaji: sanaa unayoingia ndani yake

Ukikata kona mtaani Tandika ukakuta turubai limefungwa katikati ya njia, viti vya plastiki vimepangwa, wanaume wamekaa kimya na akina mama wako ndani kwenye mikeka, huhitaji kuuliza. Unapunguza mwendo, unazima redio, unashusha sauti. Hakuna bango lililoandikwa "msiba". Vitu vyenyewe vimekwambia, kwa jinsi vilivyowekwa na mahali vilipowekwa.

Naanzia hapo kwa sababu watu wengi hapa Dar husema hawaielewi sanaa ya usimikaji, na mimi naamini ujuzi wa kuisoma wanao tayari. Dereva wa lori akiona matawi mabichi yametandazwa barabarani anajua mbele kuna gari limeharibika. Mwenye nyumba akiona alama ya X nyekundu ukutani kwake halali usiku huo. Tunasoma vitu kila siku.

Usimikaji, ambao wasanii wengi huuita instalesheni, ni kazi ya sanaa inayotengenezwa kwa kupanga vitu mahali fulani hadi mahali pote pawe kazi yenyewe. Picha hutundikwa ukutani ukaitazama. Kinyago husimama ukakizunguka. Usimikaji wewe unaingia ndani yake, na ukishaingia wewe nawe u sehemu yake. Mara nyingi hauuziki kirahisi, na maonyesho yakiisha huvunjwa. Napenda neno lenyewe, kusimika: husimikwa nguzo, husimikwa chifu, husimikwa askofu. Aliyesimikwa ni yule yule wa jana, ila leo tunamtazama kwa jicho jingine. Ndivyo ilivyo kwa jiko la mkaa lililotolewa uani likawekwa peke yake katikati ya ukumbi mtupu.

Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni wa majirani zetu. Mwaka 2022, kikundi cha wasanii wa Nairobi kiitwacho The Nest Collective kilialikwa kwenye maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Walijenga banda kwa marobota ya nguo za mitumba, wakalisimika kwenye bustani nzuri iliyofyekwa vizuri, mbele ya jumba la kale. Ndani ya banda waliweka filamu. Kazi waliiita Return to Sender, yaani mrudishie aliyetuma.

Sasa tuisome. Swali la kwanza ninalouliza mbele ya usimikaji wowote ni hili: kitu hiki kilikuwa wapi kabla ya kufika hapa? Belo la mtumba limevaliwa na mtu wa Ulaya au Marekani, likatolewa kama msaada, likachambuliwa, likashindiliwa kwa mashine, likavuka bahari, likauzwa. Anayelinunua Ilala hulinunua limefungwa. Hajui kama ndani kuna mashati ya kumlipia kodi ya mwezi au matambara ya kupigia deki, na yale yasiyouzika huishia dampo au mtaroni. Wasanii wangeweza kuchora picha ya haya yote. Walichofanya ni kulirudisha belo lenyewe, na uzito wake wote, mbele ya watu ambao huenda nguo zao zilikuwemo. Mzungu aliyeingia bandani alizungukwa na kabati lake mwenyewe. Hoja iko kwenye kule kuzungukwa.

Lakini mama anayeuza mtumba pale Karume angeisoma kwa namna yake. Kwake belo ni ada ya shule. Anakumbuka pia kwamba mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kupunguza nafuu za biashara, nyingi zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hizo. Je, mama huyu amekosea? Hata kidogo. Kaongeza kitu ambacho kazi ile inakibeba na mtazamaji wa Kassel hakukiona. Usimikaji mzuri huhimili wasomaji wawili wanaopingana, mradi kila mmoja aweze kuonyesha kwa kidole, pale pale kwenye vitu, anachokisema. Usichoweza kukionyesha umekitoa kichwani mwako.

Hapo ndipo wengi hukwama. Wanadhani mbele yao kuna kitendawili, na kwamba msanii ameficha jibu moja mfukoni. Wakishindwa kulitegua wanampa mji na kuondoka wakiwa wamejiona wajinga. Mimi huwaomba wasikimbilie kijikaratasi cha maelezo mlangoni. Ingia kwanza. Angalia mwili wako unafanya nini: umeinama? unanong'ona? unaogopa kukanyaga? Kisha vuta harufu. Karatasi utaisoma ukitoka.

Harufu ni jambo kubwa kwa msanii Ibrahim Mahama wa Ghana. Yeye hushona pamoja magunia chakavu ya juti, yaliyobeba kakao ya kuuzwa nje kisha yakaishia kubeba mkaa, na kwa hayo hufunika majengo mazima. Kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2015 aliyatundika pande zote mbili za njia ndefu, watu wakapita katikati. Kwenye magunia kuna viraka, masizi, na majina ya waliowahi kuyamiliki. Aliyewahi kubeba gunia la mkaa kutoka kwenye roli hatahitaji mhadhara kuhusu nani hubeba na nani hulipwa.

Wakati mwingine kinachosema ni muda. Desemba 2015, wakati viongozi wa dunia wanajadili tabianchi Paris, msanii Olafur Eliasson alipanga mapande 12 ya barafu kutoka Greenland katika duara kwenye uwanja wa mji. Watu waliyagusa, waliyakumbatia, na yakawa yanayeyuka mbele yao.

Ukitaka kujizoeza hapa hapa, nenda Nafasi Art Space, Mikocheni, mahali palipoanza mwaka 2008. Studio nyingi za wasanii pale ni makontena, yale yale yanayoshushwa bandarini yakiwa na mali za watu. Kabla hujaona kazi yoyote, simama hapo kwanza ujiulize vyumba hivyo vilibeba nini.

Kisha chukua mfano huu, wa kubuni. Msanii anatundika mifuko elfu moja ya plastiki, ile ya rambo, kwenye dari la ukumbi, na feni inaipepea. Mwaka 2018 tungesema ametuletea uchafu wa sokoni. Lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na leo hii mlio wake tu, ule mchakacho mwembamba, ungemrudisha mtu mzima kwenye nyanya za jioni, mkate na mafuta ya kupima. Angekumbuka pia mfereji ulioziba na maji yaliyoingia hadi chini ya kitanda. Yote mawili kwa pamoja, akiwa ametazama juu. Pembeni yake mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa marufuku angemvuta mkono na kumuuliza kwa nini wanavitunza vile.