Thamani ya kitu haiishii kiwandani

Wengi huamini kwamba thamani ya kitu kilichobuniwa vizuri imo ndani ya kitu chenyewe: mbao, umbo, jina la mbunifu. Mtu akikataa kubadilisha kiti chake cha zamani kwa kipya, huambiwa hajui thamani. Si kweli.

Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Baadhi ya washiriki waliunganisha wenyewe makasha ya kawaida ya IKEA, kampuni ya Sweden inayouza samani za kuunganisha mwenyewe. Wengine walipewa yaliyokwisha kuunganishwa. Makasha yalikuwa yaleyale, lakini waliounganisha walikuwa tayari kulipa 63% zaidi. Waliokunja vyura na korongo wa karatasi, ile sanaa ya Kijapani ya origami, waliviona vinakaribia thamani ya kazi za mafundi. Watu wengine waliona karatasi tu. Tena, na hili husahaulika sana, jasho peke yake halikutosha: walioachia kazi njiani, au waliobomoa walichojenga, hawakukithamini hivyo.

Itazame mbuzi ya kukunia nazi iliyotumika miaka mingi. Kikalio kimeng'aa kwa kukaliwa, meno ya chuma yamelika upande mmoja kwa kufuata mkono wa mkunaji. Fundi hakuuchonga mng'ao ule. Sokoni itapata bei ndogo kuliko mpya, na mwenyewe atakataa kuiuza. Hakosei hesabu: mnunuzi anapima kifaa, yeye anapima kifaa pamoja na mapishi yote yaliyopita juu yake.