Yanayosemwa kuhusu Ansible huku Kigoma, na ukweli wenyewe

Wadau, mi niko Kigoma mjini, Mwanga, kazi yangu ni kuhudumia kompyuta na seva za watu, maofisi madogo madogo, shule, zahanati, na wafanyabiashara kule Kibirizi. Kila nikitaja Ansible kwa mafundi wenzangu najibiwa maneno yaleyale na mengi sio kweli, na inaniuma maana kuna watu wanakesha na kazi ambazo zingeisha kabla chai haijapoa. Kwa asiyeijua, ni programu huria, unaandika kwenye faili vile unavyotaka mashine iwe, alafu yenyewe inaingia kwenye mashine ulizoitajia na kuziweka hivyo. Faili hilo linaitwa plebuku, na orodha ya mashine zako inaitwa inventori.

"Hiyo ni ya mabenki na makampuni ya simu, sisi huku tuna seva mbili tatu." Hili ndo kubwa kuliko yote, acha nilikalie kidogo. Kuna ofisi niliitwa, seva yao ya mafaili diski imekufa, bakapu ya data ipo kwenye hadidiski ya nje, tukashukuru Mungu, lakini seva yenyewe ilivyosetiwa hakuna anayejua, kijana aliyeiseti kashahamia Dodoma, simu anapokea vizuri tu ila hakumbuki, na simlaumu, nani anakumbuka alichoandika kwenye terminali miaka mitatu nyuma? Nilikaa pale siku nne nabahatisha, folda gani ya nani, yuza gani anaruhusiwa wapi, faiawoli iliachia poti zipi, wahasibu wamekaa wananiangalia. Na hapo seva ni moja. Kwa hiyo usihesabu mashine, jiulize ikifa leo unarudishia nini. Kama kila badiliko ulilipitisha kwenye plebuku, unachukua mashine mpya, unaweka Ubuntu (mfumo wa Linux), unairun, unaenda kula ugali na migebuka ukirudi iko vilevile, kimebaki kurudisha data. Huku kwetu fundi mwingine akiitwa anatoka mbali na spea zinakuja kwa basi au treni, sisi ndo tunaihitaji zaidi kuliko mwenye idara nzima ya watu wa IT.

"Mpaka uwe programa." Hapana. Ansible yenyewe imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, lakini we huandiki Python, unaandika YAML, yani maelezo tu yaliyopangwa kwa mistari. Angalia hii:

- name: Weka chrony
  ansible.builtin.apt:
    name: chrony
    state: present

- name: Chrony iwe inawaka muda wote
  ansible.builtin.service:
    name: chrony
    state: started
    enabled: true

Chrony ndo inayoweka saa ya seva sawa. Kipande cha kwanza kinasema programu iwepo, cha pili kinasema iwe inafanya kazi na hata mashine ikizimwa ikiwaka na yenyewe iwake. Mtu aliyewahi kuseti seva kwa mkono anaelewa hapohapo. Kinachosumbua ni nafasi za mwanzo wa mistari, YAML haitaki kitufe cha Tab hata mara moja, unatumia spesi na zilingane, wengi wanaokata tamaa siku ya kwanza wamekwama hapo tu.

"Inataka intaneti kali na uweke ejenti kila mashine." Hakuna ejenti, yani programu yake ya kukaa kwenye kila mashine. Inaingia kwa SSH ileile unayotumia kila siku kuingia kwenye seva ukiwa mbali, na huko inakoingia inahitaji Python tu, ambayo kwenye Ubuntu Server nyingi ipo tayari. Kuhusu bando, laptopu yako na seva zikiwa kwenye swichi moja amri zenyewe hazitoki nje ya jengo. Ila nisiseme uongo, ukiiambia iweke chrony, ile chrony lazima itoke mahali, na kila mashine itaivuta kivyake kwenye mtandao, mi nimeweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja, programu inashuka mara moja zingine zinachukua hapo ndani. Kawaida inashughulikia mashine 5 kwa pamoja, ukiwa na nyingi unaweza kuongeza.

Alafu kuna hili la kurudia, na hapa dhana potofu ziko mbili zinazopingana. Wapo wanaoogopa kwamba ukirun mara ya pili itavuruga, na wapo wanaosema rudia unavyotaka haina madhara kabisa. Wote wamekosea kidogo. Moduli, yani vipande vya kazi vilivyo tayari ndani ya Ansible, kama apt, service, copy na lineinfile (ya kuhakikisha mstari fulani upo kwenye faili) zinaangalia kwanza, ikiwa kitu kiko unavyotaka haziguse, unaona ok ya kijani, ikibadilisha unaona changed ya njano, ikishindwa ni nyekundu. Umeme ukikata katikati, na mnajua wenyewe unavyokata, ukirudi unairun tena, vilivyokwisha vinapita kijani inaendelea na vilivyobaki. Lakini moduli ya shell, ile ya kuandika amri yoyote ya terminali, haina akili hiyo, inafanya ulichoandika kila mara. Mi niliwahi kuandika amri ya echo yenye alama >>, ya kuongeza mstari mwisho wa faili la hosts (lenye majina ya mashine na anwani zake), nikarun kila siku wiki nzima, siku nafungua faili nakuta mstari uleule umejipanga mara saba! Nikahamia lineinfile ikaisha. Kwa hiyo kabla hujakimbilia shell tafuta kwanza kama kuna moduli ya kazi hiyo, mara nyingi ipo.

"Ukikosea inarudisha nyuma." Hairudishi, na hili watu walishike maana ni hatari. Ukifuta kimefutwa. Kuna --check ya kukuonyesha ingebadilisha nini bila kubadilisha, ukiongeza --diff unaona mpaka mistari yenyewe, ila hapo shell na command kwa kawaida zinarukwa, kwa hiyo check ikipita vizuri sio dhamana. Template, copy na lineinfile ukiziandikia backup: true zinaacha nakala ya faili la zamani palepale. Mi naanza na mashine moja kwa --limit, nikiridhika ndo zote.

Paswedi je? Nasikia "zinakaa wazi kwenye faili". Zinakaa wazi ukiziacha wazi. Ansible Vault, inayokuja na Ansible yenyewe, inalifunga faili kwa usimbaji wa AES256 na unaulizwa nywila wakati wa kurun, na kwenye kazi inayogusa siri weka no_log ili isije ikajianika kwenye skrini.

Windows inahudumiwa, kwa WinRM (njia ya Windows yenyewe ya kuiongoza kwa mbali), ila mashine unayotolea amri iwe Linux au Mac, au Windows yenye WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows). Na ruta za MikroTik, ambazo huku ziko kila kona, zina moduli zake pia.

La pesa. Watu wanasema tangu Red Hat, kampuni ya Linux, wainunue ni ya kulipia. Michael DeHaan, aliyeitunga, aliitoa mwaka 2012, Red Hat wakanunua kampuni ya Ansible 2015, ila leseni ya Ansible yenyewe ni GPL ya tatu, leseni ya programu huria, unashusha, unatumia, unasoma msimbo wake (code) bila kulipa mtu. Kinacholipiwa ni ile bidhaa yao ya makampuni pamoja na huduma ya msaada, na hata ukitaka ukurasa wa kubonyeza kwenye kivinjari badala ya kuandika amri, kuna AWX ambayo iko huria tangu 2017.

Kwa anayetaka kujaribu leo, chukua kompyuta mbili hata za zamani, weka ufunguo wa SSH, andika anwani ya ile ya pili kwenye inventori, alafu piga ansible all -i inventori.ini -m ping. Ile sio ping ya kawaida ya mtandao, inajaribu kuingia kabisa na kuangalia Python ipo, kwa hiyo mashine inaweza kujibu ping ya kawaida vizuri na hapa ikakataa, usishangae, angalia ufunguo na jina la yuza kwanza. Ikikurudishia pong, andika ule mfano wa chrony hapo juu kwenye plebuku, juu yake taja hosts (mashine zipi) na become: true (ifanye kazi kwa mamlaka ya root) kisha vipande vyenyewe viwe chini ya tasks, uirun mara mbili, mara ya pili utaona yote kijani.