Alama 88, Alama 61, na Karatasi Ambayo Hakuna Aliyeiangalia

Kazi yangu ni kutunga mitihani ya shule za msingi na kuwafundisha walimu namna ya kuitunga. Mzazi akishajua hilo, salamu hazijaisha ananiuliza: mtoto wangu alikuwa akipata 88 shule ya binafsi, nimemhamishia ya serikali anapata 61, kapatwa na nini? Siku nyingine kisa huwa kinyume chake. Nami huuliza: karatasi za mtihani ziko wapi? Karibu kila mara hazipo. Iliyopo ni ripoti yenye muhuri.

Bila karatasi sina la kusema. Chukua maswali mawili ya sehemu, yote ya darasa la tano. La kwanza: 3/8 + 2/8 ni ngapi? Chini yake kuna majibu manne, mtoto azungushie herufi. La pili: Chupa ilijaa maji. Kaka akanywa robo, dada akanywa theluthi ya yaliyobaki. Chupani yamebaki kiasi gani? Onyesha njia. Kwenye ripoti yote mawili yanasomeka "Hisabati". Lakini la kwanza analipata hata mtoto anayejumlisha namba za juu tu bila kujua sehemu ni kitu gani, na la pili halipati mpaka aone kwamba ile theluthi ni ya robo tatu, si ya chupa nzima. Kisha karatasi ikiwa na maswali 20 ya aina ya kwanza, mtoto anayebahatisha yote atapata, kwa wastani, matano. Hizo ni alama 25 kwa mia ambazo hakusomea.

Sisemi maswali ya kuchagua ni mabaya. Likitungwa vizuri linafichua mengi: weka 5/16 miongoni mwa majibu ya lile swali la kwanza, na utawajua papo hapo wanaojumlisha juu na chini. Usipoiweka, kosa hilo litapita mbele yako bila kuonekana. Kutunga majibu ya mtego ni ufundi, na walimu wengi, wa pande zote mbili, hawajawahi kufundishwa.

Watu hudhani swali gumu lazima litoke shule ya binafsi na jepesi la serikali. Nimeyakuta yote mawili kila upande. Kinachotofautiana zaidi ni nani anayesubiri majibu. Shule ya binafsi humpelekea ripoti mzazi anayelipa ada, na mzazi huyo anaweza kumhamisha mtoto muhula ujao. Mwalimu anajua hivyo, mkuu wa shule anajua zaidi. Si lazima mtu aibe mtihani ili alama zipande: inatosha kurudia wiki ya mwisho maswali yanayofanana na yatakayokuja, kuongeza alama tano za usafi wa daftari, au kumsahihisha kwa huruma mtoto aliyekaribia daraja la juu. Katika shule ya serikali msomaji mkuu ni ofisi iliyo juu yake. Huko shinikizo huwa la takwimu: wangapi wamevuka mstari wa kufaulu. Ndiyo maana mwalimu wa serikali anaweza kumwaga nguvu zake kwa watoto walio karibu na mstari huo, akawaacha wa juu kabisa na wa chini kabisa wajitafutie.

Halafu kuna hesabu ya muda, ambayo wanaolaumu walimu hawaipigi. Insha ya ukurasa mmoja, ukiisoma vizuri na kumwandikia mtoto maoni mawili yanayomsaidia, inachukua kama dakika nane. Darasa la watoto 20 ni dakika 160, yaani jioni moja ndefu. Darasa la 60 ni saa nane kamili, na huyo mwalimu ana masomo mengine pamoja na kesho asubuhi. Atafanya nini? Atatoa maswali ya kuchagua, au atapiga vema juu ya insha bila kuisoma. Mimi pia ningefanya hivyo. Upimaji endelevu, ule wa kila wiki unaomwonyesha mwalimu arudie wapi, ndio wa kwanza kufa darasa likijaa. Paul Black na Dylan Wiliam, watafiti wa elimu wa Uingereza, walipopitia tafiti nyingi mwaka 1998 walionyesha kuwa aina hiyo ya upimaji inainua kujifunza, na mara nyingi huwasaidia zaidi wanaojikongoja. Kwa hiyo watoto wanaouhitaji mno ndio hasa wanaoukosa. Shule ya binafsi yenye darasa dogo ina nafasi ya kuufanya. Kwamba inaitumia ni habari nyingine. Nimeingia madarasa ya watoto 18 ambamo kila Ijumaa kuna jaribio, alama zinaandikwa, na Jumatatu mwalimu anaendelea na mada mpya kana kwamba hakuna aliyekosea chochote.

Hata karatasi ikiwa moja, msahihishaji naye ni kipimo kinachocheza. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott, huko Marekani, walituma karatasi zilezile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu wengi wazisahihishe kwa mia. Karatasi moja ilirudi na alama kuanzia 64 hadi 98. Mwandishi ni yuleyule, maneno yaleyale. Wale walikuwa wanafunzi wa sekondari, lakini ninapoendesha semina za walimu wa msingi hurudia zoezi hilo na kamwe sijakosa pengo la kuwanyamazisha watu. Linapungua pale tu wanapokuwa na mwongozo wa usahihishaji ulioandikwa kabla ya mtihani: alama ngapi kwa hoja, ngapi kwa mpangilio, ngapi kwa tahajia, na mfano wa jibu la kila kiwango.

Kuna jambo jingine linalovuruga kabisa: namba darasani. "Kashika namba ya tatu" inakuambia mtoto yuko wapi kati ya wenzake, haikuambii anajua nini. Robert Glaser, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliitenganisha mizani hii miwili mwaka 1963: kumpima mtoto dhidi ya wenzake, na kumpima dhidi ya kitu anachotakiwa kukijua. Sasa, shule iliyowachuja watoto kwa usaili kabla ya kuwapokea imeshaondoa sehemu ya mashindano mlangoni. Namba ya 25 pale inaweza kuwa na ujuzi zaidi ya namba ya pili kwingine. Inaweza pia isiwe hivyo, na ripoti haitakusaidia kujua.

Kuhusu kuchuja, shule ikitangaza kwamba watoto wake wote wamefaulu mtihani wa mwisho, mimi huuliza walianza wangapi darasa la kwanza. Waliokaririshwa darasa, walioshauriwa kwa upole wahamie kwingine mwaka mmoja kabla ya mtihani, hawamo kwenye asilimia. Shule ya serikali inayompokea kila anayekuja haina mlango wa kuwatolea. Kulinganisha wastani wa shule hizo mbili ni kama kulinganisha uzito wa magunia, moja likiwa limepepetwa na jingine likiwa na makapi yake. Ripoti za PISA, mtihani wa kimataifa wa watoto wa miaka 15 ulioanza mwaka 2000, zimelionyesha hili mara kadhaa: kwa alama ghafi wanafunzi wa shule za binafsi huwa mbele kwa wastani, lakini hali ya kiuchumi na kijamii ya familia zao ikiingizwa kwenye hesabu, pengo hilo katika nchi nyingi hupungua sana au hutoweka.

Lugha nayo. Shule ikifundisha kwa lugha ambayo mtoto haizungumzi nyumbani, lile swali la chupa ya maji linageuka mtihani wa kusoma kabla halijawa la hisabati. Akikosa, hujui amekosa lipi.

Je, kulinganisha kunawezekana? Kunawezekana, kwa kazi kidogo. Mitihani ya kimataifa ya darasa la nne, TIMSS ya hisabati na sayansi na PIRLS ya kusoma, huweka maswali kadhaa ya siri na kuyarudia kutoka awamu moja hadi nyingine, ili vipimo viwiane. Walimu wa shule mbili jirani wanaweza kuiga wazo hilo: watunge pamoja maswali kumi, wayapachike yale kumi ndani ya mitihani yao ya muhula, kisha wabadilishane karatasi, kila mmoja asahihishe za mwenzake bila kuona majina. Nimeona walimu wakikataa kwa hofu ya kuaibika, na waliokubali wakabishana saa mbili juu ya swali moja. Mabishano yale yaliwafaa kuliko semina yangu.

Yule mama wa 88 na 61 alirudi na karatasi zote mbili. Ya 88 ilikuwa na maswali 40 ya kuchagua, na 31 kati yake yalitaka kukumbuka tu: mji, tarehe, jina la kiungo. Kwenye ya 61, kati ya alama 39 alizopoteza, 22 zilikuwa za insha na maelezo. Insha ilikuwa na mistari minne. Tukamwita mtoto tukamuuliza kwa nini ameishia hapo. Akasema hakujua kama inaruhusiwa kuandika zaidi, kule alikotoka nafasi ya kujibu ilikuwa mstari mmoja.