Je, wajua kwa nini diski moja ya RAID 0, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, ikifa, ile iliyo nzima nayo huzikwa?

Chukua picha ya megabaiti 4 iliyo kwenye diski mbili zilizounganishwa kwa RAID 0 ya Linux. Picha hiyo haikai diski moja. Programu ya mdadm, inayosimamia RAID kwenye Linux, usipoielekeza vingine, huzifanya diski hizo kuwa mpangilio mmoja unaokata data vipande vya kilobaiti 512: cha kwanza huku, cha pili kule, cha tatu kinarudi huku, mpaka vyote vinane viishe. Kasi yake inatoka hapo, kwa kuwa diski mbili zinabeba mzigo mmoja kwa pamoja.

Sasa chomoa diski moja. Umebaki na vipande vinne na mapengo manne, kama mkeka uliofumuliwa kila ukili wa pili. Faili dogo huenda likabahatika kuangukia lote upande uliopona, ila orodha inayosema faili lipi liko wapi nayo ilikatwa vilevile.

RAID 1 ina nakala ya pili. RAID 5 ina hesabu ya kukokotolea kilichopotea. RAID 0 haina kitu, na hata jina la RAID ni la kupewa tu: Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walipoeleza madaraja ya RAID mwaka 1988, walianzia la 1. Tena hatari inalimbikizana. Ikiwa kila diski ina uwezekano wa asilimia 3 wa kufa ndani ya mwaka, ukiunganisha nne unakaribia asilimia 11.5 ya kupoteza vyote.

Linux yenyewe haina la kufanya. Kwenye RAID 1 diski mbovu hutolewa, kazi ikaendelea. Fungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, uitazame RAID 0: zile alama za [UU] za kuonyesha nani mzima hazipo kabisa. Kabla ya kerneli (kiini cha Linux) toleo la 5.4 la mwaka 2019, diski iliweza kutoweka na mpangilio ukaendelea kujiita salama. Tangu hapo huitwa uliovunjika.

Diski ikiwa imekufa kabisa, weka nyingine, unda mpangilio upya, rudisha nakala rudufu. Ikiwa bado inazunguka lakini inatoa makosa ya kusoma, usikimbilie mdadm --create, amri ya kuunda mpangilio upya. Ukikosea mfuatano wa diski au ukubwa wa vipande kisha ukaandika juu yake, umejimaliza. Zima mpangilio, nakili diski mgonjwa kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenda diski mpya isiyopungua ukubwa wake. Hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, kisha huzirudia zilizogoma, huku ikiandika kwenye faili la ramani ilipofikia. Chomoa mgonjwa, unganisha nakala na diski nzima kwa mdadm --assemble --readonly, kisha hamisha mafaili. Machache yatatoka na matundu, pale tu sekta zilipogoma kusomeka.