Vitunguu haviivi kwa saa

Kazi yangu ni kuandika mapishi. Watu hudhani siku zangu hupita katika kuonja, kumbe nyingi huishia kwenye mizani, kalamu na vyombo vya kuosha. Pishi hulirudia mpaka nilielewe, kisha humpa mtu ambaye hajawahi kulipika. Anabaki na maandishi yangu tu, nami nakaa pembeni bila kusema neno. Kila anapoinua macho kutaka kuniuliza, najua sentensi niliyoandika pale haijakamilika.

Mara nyingi linalomkwaza ni muda. "Kaanga vitunguu dakika tano mpaka viwe vya kahawia." Maneno haya yamewakatisha tamaa wapishi wengi wa nyumbani, nayo si ya kweli. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji. Maji hayo yasipokwisha kutoka, joto la kitunguu hukwama karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali rangi ya kahawia huanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Hapo ndipo sukari na asidi za amino (vijenzi vya protini) zinaposhikana na kuzaa ile harufu inayomtoa mtu chumbani. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza haya mwaka 1912. Kwa moto mdogo, kazi hiyo huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Aliyeahidiwa dakika tano akaona vitunguu bado vyeupe huongeza moto, vikaungua nje kabla ya kulainika, naye akaamini hana mkono wa kupika. Anao kabisa, aliyemwangusha ni mwandishi.

Ndiyo maana katika mapishi yangu dakika ni makadirio tu, na mwongozo ni masikio na pua. Vitunguu vibichi vikiingia kwenye mafuta ya moto hutatarika kwa nguvu, na sauti hiyo ni ya maji yanayogeuka mvuke. Ikianza kufifia, maji yanakwisha: shika mwiko, usiondoke jikoni. Nyama nayo ni hivyo hivyo. Ifute maji kwanza, wala usiijaze kikaangoni, maana vipande vikibanana vitachemka katika maji yao wenyewe na rangi hutaiona.

Chumvi ningeiandikia ukurasa mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Kwenye chakula kilichotengenezwa kiwandani huioni ikitiwa. Jikoni kwako inapita mkononi mwako. Tia kidogo, koroga, onja, ndipo uongeze. Ikiwa imekolea na ladha bado imelala, jaribu matone ya ndimu kabla ya kurudi kwenye chumvi.

Anayeanza simshauri ajifunze mapishi kumi. Chagua pishi moja unalolipenda kula, ulipike tena wiki ijayo, na inayofuata. Andika pembeni ya karatasi ulichokiona: jiko lako linawaka kwa ukali gani, sufuria yako inashika chini upande upi, mchuzi ulianza kuwa mzito lini. Maelezo hayo siwezi kukuandikia mimi, kwa kuwa sijawahi kupika kwenye jiko lako.