Risiti ya Dukani Katika Darasa la Uzamili: Namna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Inavyosomwa

Risiti nyingi za maduka nchini Kenya zina onyo chini yake: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya sheria akijibu kwamba onyo hilo halimfungi mtu aliyeuziwa kitu kibovu, atapata alama zake. Katika uzamili, jibu hilo ndipo kazi inapoanzia.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina mizizi katika sheria ya Uingereza ya 1893. Inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaofaa, lakini inawaruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana kuliondoa sharti hilo. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji, Na. 46 ya 2012, ilikuja kuuziba mwanya huo: haki za mtumiaji haziondolewi na makubaliano, sembuse maandishi ya risiti. Juu ya zote mbili kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachotaja ubora, maelezo, afya, usalama, maslahi ya kiuchumi na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Basi mbona onyo bado limo kwenye risiti? Na aliyenunua viatu vizima, kisha rangi ikamchosha njiani, ana dai gani? Kwa kawaida hana, na ni wajibu wetu kumwambia hivyo waziwazi.

Sheria ya 2012 ilifuata kwa karibu mno sheria ya jimbo la Ontario, Kanada, ya mwaka 2002. Ndiyo maana ina masharti marefu kuhusu kununua zamu za kukaa katika nyumba za likizo, na kuhusu watu wanaotoza ada ili wakusafishie rekodi ya mikopo. Mwaka huohuo wa 2012, M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, ilizinduliwa, na mkopo wa simu ukaanza kuingia katika kila nyumba. Mkopo huo haukutengewa sehemu yake katika sheria ile. Wakopeshaji wa kidijitali walisubiri hadi kanuni za Benki Kuu za 2022 ndipo wakatakiwa kuwa na leseni na kukatazwa kuwatisha wadaiwa au kuwapigia jamaa na marafiki zao ili kuwaaibisha. Miaka kumi! Kwa maoni yangu, pengo hilo lastahili tasnifu nzima.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Ulinzi wa mlaji uliwekwa ndani ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na masharti yake kuhusu udanganyifu sokoni yanafanana na ya Australia. Anayesomea Nairobi aisome pia. Hata Kenya, mdhibiti wakati mwingine hufanikisha jambo ambalo kesi mia zisingelifanikisha: mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliagiza kwamba gharama za huduma za fedha kwa simu zionyeshwe kabla mteja hajathibitisha muamala.

Ila swali linalonikera zaidi ni la nani ataisikiliza kesi. Sheria ya 2012 inamwelekeza mtumiaji Mahakama Kuu. Nani atakwenda Mahakama Kuu kwa ajili ya blenda ya shilingi 4,000 iliyoungua siku ya pili? Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya uuzaji wa bidhaa, na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujitetea bila wakili. Je, mtumiaji anaweza kudai huko kila nafuu aliyopewa na sheria ya 2012, au baadhi tu? Hapa mwanafunzi hana budi kutoka maktabani, akae mahakamani, asome hukumu, ahesabu ni madai mangapi yameletwa na watumiaji na mangapi ni ya wafanyabiashara wanaodaiana wenyewe.

Kwa hiyo unapoandika pendekezo la utafiti, usituletee “changamoto za ulinzi wa mtumiaji Afrika”. Chagua mkataba mmoja: wa mkopo wa simu, wa bima ya pikipiki, au wa kununua televisheni kwa awamu. Uusome wote, hadi herufi ndogo za mwisho, kisha utuonyeshe ni kifungu kipi kinagongana na sheria na mtu aliyeumia aende wapi.