Mfanyakazi Ameondoka na Nyaraka za Ofisi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: mshahara wa mwisho uzuiwe mpaka alete kila karatasi.

Waajiri wengi nchini Tanzania wanaliamini jambo hili kwa dhati, na mimi kama mhasibu nimeona jinsi linavyowaumiza wao wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri, ajira inapokoma, alipe ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika. Kukata fedha kwa ajili ya hasara kunaruhusiwa kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, mhusika apewe nafasi ya kupinga na akubali makato hayo kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kukosekana kwa stakabadhi peke yake hakumpi mwajiri kiasi cha kukata, mpaka aonyeshe kimepotea nini hasa.

Mahali fulani nilipofanya kazi, dereva aliondoka na kitabu cha safari za gari pamoja na risiti za dizeli za miezi miwili. Meneja akashikilia mshahara, dereva akashikilia karatasi, na wiki zikapita kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Hatimaye alilipwa, kisha tukamwandikia barua iliyotaja kitabu chenyewe, tarehe za risiti zilizokosekana na siku ya kuzileta. Siku ya nne alikuja na mfuko wa nailoni, akazipanga mezani moja moja. Risiti tatu za mashine zilikuwa zimefifia kabisa, hazisomeki, na hatukuweza kuzitumia katika hesabu.

Dhana: asipokabidhi, hapewi cheti cha utumishi.

Kumpa cheti hiki, kinachothibitisha kuwa alifanya kazi kwako, ni wajibu wa mwajiri kisheria, na sheria haikuufunga kwenye makabidhiano.

Dhana: nilizijaza kwa mkono wangu, kwa hiyo ni zangu.

Hapa wanaokosea ni wafanyakazi. Kitabu cha stakabadhi, daftari la stoo na marejesho ya masurufu (hesabu ya fedha ulizokabidhiwa kwa matumizi ya kazi) ni mali ya mwajiri hata kama mwandiko ni wako, na kuacha kazi hakuvigeuzi kuwa vyako. Tena mwajiri anavihitaji kweli, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Mkataba wako na hati zako za mshahara ni haki yako kubaki na nakala zake.

Dhana: akikaidi, dawa ni polisi.

Polisi wanahusika pale penye wizi au kughushi. Ukaidi wa kawaida unaanzia kwenye barua ya madai yenye orodha kamili, na mgogoro wa ajira usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea.

Dhana: makabidhiano ni shughuli ya siku ya mwisho.

Anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida hutoa notisi ya siku 28, na huo ndio muda wa kukaa naye, kufungua makabati na kuhesabu vitabu hadi namba ya jani la mwisho lililotumika. Hati ya makabidhiano isainiwe na anayetoa na anayepokea, kila mmoja abaki na nakala yake, na kilichokosekana kiandikwe humo humo akiwa bado yupo ofisini.